Kila Julai napona, kila Februari naanguka upya. Wakuu, nisaidieni kufikiri

#1 Kondakta Mstaafu (Mbagala), 14 Julai 2024

Habari za Jumapili wakuu. Sikuja kuhubiri. Nina swali ambalo limenikaa kooni mwaka wa tatu sasa.

Februari 2021 nilinyang'anywa gari. Hiace, niliyoichukua kwa mkopo baada ya kupiga debe na kukaa mlangoni miaka kumi na moja. Marejesho yalinishinda miezi mitatu. Wakaja asubuhi na brekidauni, abiria wamo ndani. Wakawashusha. Mimi nimesimama na noti zimepangwa vidoleni kama kawaida yetu, ikabidi nianze kurudisha nauli mmoja mmoja. Mama mmoja alikataa mia nne yake. Akasema, "Kaa nayo baba, utaihitaji." Gari lenyewe sijalia sana kama nilivyolia kwa ile mia nne.

Kilichofuata mnakijua: nyumba ikahamwa, mwenzangu akarudi kwao, simu zikaacha kuita.

Sasa swali lenyewe. Kila ikifika Februari narudi palepale. Silali, nasikia mnyororo wa brekidauni. Halafu ikiingia Julai, naamka saa kumi alfajiri, navaa sweta, nakanda unga, nachoma chapati stendi, na najisikia mtu. Sijasahau chochote, ila moyo umekaa. 2022 hivyo, 2023 hivyo, mwaka huu hivyohivyo.

Ni hali ya hewa? Ni tarehe? Au najidanganya? Na ninyi mlioanguka mkasimama, mlisimama msimu gani?

#2 Napita Tu

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, sweta Dar? Mnavaa sweta kwa nyuzi ishirini, mngekuja kwetu Makete mngevaa godoro.

#3 Mtaalamu wa Kujisomea

Jibu ni rahisi, ni tarehe. Mwili una kalenda yake. Aliyefiwa mwezi fulani, mwezi ule ukikaribia anaanza kuumwa kichwa kabla hata hajakumbuka kwa nini. Wewe uliumizwa Februari, basi Februari ndiyo inayokuuma. Ungenyang'anywa gari Julai, leo ungekuwa unatuuliza kwa nini unaanguka kipupwe.

#4 Feni Mbovu

Nampinga #3. Huyu ndugu halali, basi. Februari ya Dar mchana nyuzi 32, usiku nao joto linakugandia kama shuka bichi, mbu, umeme ukikatika feni inakuwa pambo. Mpe hata mtu aliyeshinda bahati nasibu wiki tatu bila usingizi, atalia. Julai usiku unashuka hadi 19 hivi, unajifunika, unalala. Usingizi ndio unaokuponya kaka, hayo mengine mapambo.

#5 Mhasibu wa Gengeni

Mnazunguka mbuyu. Fuata hela. Januari ada na kodi ya pango zimemaliza watu, Februari nani anakula chapati mbili? Na nafaka mikoani iliyolimwa mwaka jana inaisha, mpya bado iko shambani, bei juu. Kuanzia Juni mahindi na mpunga vinaingia sokoni, watu wana chochote mfukoni, chapati zinaisha saa mbili asubuhi. Hapo nani hatajisikia mtu?

#6 Mama Ngano

@Mhasibu, unga wa chapati ni ngano, na ngano sehemu kubwa tunaagiza nje. Haifuati mavuno ya Songea wala ya Mbozi.

#7 Mhasibu wa Gengeni

Dada, sikusema bei ya ngano. Nimesema mfuko wa mlaji. Soma tena polepole.

#8 Kondakta Mstaafu

Asanteni. @Feni Mbovu, Februari mwaka huu nilihamishia godoro barazani, nikalala vizuri tu kwa upepo. Nikaota gari vilevile. @Mhasibu, una hoja. Lakini Desemba nauza kuliko Julai, na Desemba sina amani hii. Kwa hiyo hela peke yake inanikatalia.

#9 Nahodha wa Kilindoni (Mafia)

Assalaam aleikum. Huku kwetu mambo ni kinyume chako. Julai ndiyo kusi imeshika. Mwenye chombo kidogo hatoki, akitoka anajuta. Samaki hadimu, mikopo dukani imejaa daftari. Ukimuuliza mvuvi wa Mafia msimu wa kupona atakwambia kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari inapokaa. Yaani Februari yako wewe ndiyo raha yetu sisi.

Na mwaka huu nina habari yangu mwenyewe. Kile kimbunga walichokiita Hidaya (zawadi! zawadi gani hiyo) kilinikuta chombo nimekitia nanga bandarini. Tulitangaziwa, tukakaa nchi kavu, alhamdulillah roho zipo. Lakini kamba ilikatika, mashua ikapigwa miambani. Mataruma manne yamevunjika, ubao wa chini umepasuka karibu na mkuku. Chombo cha baba yangu hicho.

Mwezi mzima sikukanyaga pwani. Nilikuwa nikienda msikitini napita njia ya nyuma nisikione. Mwezi wa sita fundi mmoja mzee akaja nyumbani, hakunipa pole wala nini. Akauliza tu, "Pamba unayo?" Nikasema sina. Akasema tafuta. Basi. Tangu siku ile niko chini ya mashua kila siku, nasokota pamba naichovya kwenye sifa, naipachika kwenye mshono wa mbao, nagonga kwa patasi butu na nyundo. Unaijua harufu ya sifa? Mafuta ya papa, hayatoki mkononi hata kwa sabuni ya unga. Mke wangu kanihamisha upande wa ukutani.

Sijui kama nimepona. Ila kusi si wakati wa kwenda baharini, ni wakati wa kukalafati, na mimi nakalafati. Nisingekuwa na cha kugonga ningeumwa.

#10 Napita Tu

Pole sana nahodha kwa kimbunga kile cha Aprili. Kusi si ndiyo imeanza Juni? Mbona mwasema kila kitu ni kusi.

#11 Nahodha wa Kilindoni

Ndugu, Mei. Tarehe 4 Mei. Aprili ilikuwa mafuriko ya Rufiji, jirani zetu ng'ambo. Na kusi huanza Aprili na mvua zake, hushika nguvu Juni, Julai, Agosti, kisha hulegea tunaita demani. Wewe wa bara unahesabu miezi, sisi tunahesabu upepo.

#12 Mwana wa Miyombo (Tabora)

Mnaongea masika, vuli, kusi, kaskazi kana kwamba Tanzania yote iko ufukweni. Kwetu mvua ni moja, inaanza Novemba inaishia Aprili, halafu kiangazi mpaka mchoke. Kwa hiyo nadharia zote za #3 hadi #9 zina harufu ya chumvi.

Niweke yangu. Mimi nilikuwa mkulima wa tumbaku. Machi 2016 bani, banda la kukaushia tumbaku, liliungua na tumbaku ya msimu mzima ndani yake, nami nina deni la mbolea. Bani likishika moto hulizimi, unasogea tu nyuma joto lisikuchome. Nilikaa toka Machi hadi Septemba nikiwa kama gogo. Hakuna mvua, nyasi zimechomwa, vumbi, moshi, anga la rangi ya kikombe cha chai.

Oktoba mjomba akanichukua porini kutundika mizinga. Na huko ndipo niliposhangaa kitu ambacho nilikuwa nimekiona maisha yangu yote. Miyombo na mitundu ilikuwa imetoa majani mapya. Mekundu. Si kijani, mekundu kama shaba iliyosuguliwa, pori zima. Na mvua haijanyesha hata tone! Ardhi chini bado ina jivu. Nikamuuliza mjomba, imepata wapi maji? Akasema, "Ilikuwa nayo." Akaendelea kufunga kamba.

#13 Feni Mbovu

Mkuu hapo umenigusa, lakini umetia chumvi (ya Tabora). Mti hauwezi kuchipua bila maji.

#14 Mwana wa Miyombo

Hauchipui bila maji, unachipua bila MVUA. Tofauti ipo. Mizizi yake inakwenda chini sana na shina lina akiba. Joto la Septemba likipanda mti unaanza kutoa majani, wiki kadhaa kabla ya mvua za kwanza. Wekundu ule ni wa uchanga, likikomaa jani linakuwa kijani. Panda treni ya Tabora mwezi wa kumi ukae dirishani, utakuja kuniomba radhi humuhumu.

#15 Mtaalamu wa Kujisomea

Safi, lakini haimsaidii mleta uzi. Yeye hakuwa na akiba, ndiyo maana wakachukua gari.

#16 Mhasibu wa Gengeni

😂😂 #15 una roho ngumu.

#17 Kondakta Mstaafu

Hajakosea. Akiba ilikuwa mia nne.

#18 Bi Mkubwa wa Makunduchi

Salamu wanangu. Nimesoma kimya toka asubuhi, mjukuu ananishikia simu.

Mume wangu alifariki katikati ya Machi, miaka saba iliyopita, mvua za mwaka ndiyo zinaanza. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi kama ilivyoamrishwa. Sitoki, sijipambi, sitii manukato. Masika yote niliyasikiliza juu ya bati. Ikapita. Ikaja baridi. Julai, sisi Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya Nairuzi, yaani mwaka mpya. Wanaume wanapigana kwa migomba, wa upande huu na wa upande ule, mwenye kinyongo anakimaliza hapo. Kibanda cha makuti kinachomwa moto. Wanawake wanaimba, na maneno wanayoimba siwezi kuyaandika hapa mbele yenu. Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia kelele zote, nikanusa moshi, nikajua sasa kibanda kinaungua. Siku chache baadaye eda ikaisha, wakanitoa, nikaogeshwa, nikavaa kanga mpya, watu wakala.

Siwaambii kwamba siku ile nilikuwa nimepona. Nilimlilia mume wangu miaka miwili baadaye. Lakini nilipewa tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, na watu wote mtaani waliijua. Mwanangu kondakta, wewe nani alikukalisha eda? Ulipoteza gari, nyumba na mke kwa mwaka mmoja na kesho yake ukatakiwa uwe stendi. Huzuni isiyo na mlango wa kutokea huzunguka nyumba. Basi imejitafutia mlango wake, ikauona Julai.

#19 Napita Tu

Shikamoo bibi. Napendekeza bunge lijalo: eda ya Hiace, miezi minne na siku kumi, mhusika haruhusiwi kusikia honi.

#20 Mama Ngano

Napita Tu umetania ila bibi amesema kitu. Mwanaume akifilisika hapa mjini hakuna matanga. Watu wanajificha wasiombwe hela.

#21 Mtoto wa Kajiado (Nairobi)

Hamjambo wakubwa. Huku Nairobi Julai ndiyo mbaya zaidi, mawingu tangu asubuhi, jua unalisikia tu kwa redio. Kwa hivyo hoja ya baridi kuponya watu mimi siikubali hata kidogo.

Ila nataka kuongeza kitu. Sisi ni wafugaji. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikataa mfululizo. Mitano. Mzee wangu alikuwa na ng'ombe zaidi ya sitini, wakabaki tisa. Tulikuwa tunawainua kwa mikono asubuhi, wanne hivi tunamshika mmoja, akisimama tunashukuru. Wakati huo wote sikulia. Nilikuwa sawa kabisa, nachota maji, natafuta nyasi za kununua, napigia watu simu. Mvua ikaja Machi 2023. Watu wanacheza nje. Mimi nikaingia nyumba nikalala siku nne, siongei. Shida ilipokwisha ndipo nikavunjika.

Sasa niambieni, hiyo inaingia wapi kwa hesabu zenu? Labda huyu ndugu hapati nafuu Julai. Labda Februari ndiyo mwili wake unapata nafasi ya kulia.

#22 Mtaalamu wa Kujisomea

Dah. Hiyo sikuifikiria.

#23 Mtanga wa Tromsø (Norway)

Salaam kutoka kaskazini ya dunia. Huku jua linaaga mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena hadi karibu tarehe 21 Januari. Siku likirudi watoto wa shule wanatolewa nje kulitazama, watu wanakula maandazi ya jamu yanaitwa solboller. Nafanya kazi nyumba ya wazee, wazee nao tunawasogeza dirishani.

Huzuni ya msimu ni ugonjwa unaojulikana. Rosenthal na wenzake Marekani waliuandika kitaalamu mwaka 1984, na tiba mojawapo ni taa kali ya luksi 10,000, nusu saa asubuhi. Ninayo mezani, nakunywa nayo chai. Kwa hiyo hali ya hewa kugusa moyo si uchawi, @Feni Mbovu yuko karibu.

Sasa nijipinge mwenyewe. Mwaka wangu mbaya haukuwa wa giza. Mama alifariki Tanga mwezi wa sita, huku jua halitui kabisa, usiku wa manane ni mchana. Nilitazama mazishi kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi za nje, jua linaniwakia saa sita usiku. Mwanga ulikuwepo wa kutosha taa elfu. Haukunisaidia kitu.

#24 Mkinga Asiye na Duka (Makete)

Nimeitwa huko juu na Napita Tu, nimefika. Kwetu Juni na Julai sakitu inalala juu ya mashamba, asubuhi nyasi nyeupe zinavunjika chini ya miguu kama biskuti. Viazi mviringo majani yanakuwa meusi yote kwa usiku mmoja. Mgeni akiona anadhani shamba limekufa.

Wengi mnajua kilichopita Makete miaka ya tisini na mwanzoni mwa 2000. Ukimwi ulipita nyumba kwa nyumba. Mimi na wadogo zangu wawili tulilelewa na bibi, na jirani zetu vilevile, mtaa mzima wa bibi na wajukuu. Asubuhi moja shamba limeungua na baridi, nina miaka tisa, nikakaa kwenye tuta nikalia kwamba sasa tutakufa na sisi. Bibi hakuniambia neno la hekima hata moja, poleni wapenda hekima. Alichomeka jembe dogo pembeni ya shina, akafukua kwa vidole, akatoa kiazi kidogo kama yai la njiwa. Akakifuta kwenye khanga, akanipa nishike. Akakirudisha, akafukia, akaenda shina la pili. Tulivuna kidogo mwaka ule. Vidogovidogo. Tulikula na chumvi.

Kwa hiyo kipupwe kwangu si uponyaji, ni yeye.

#25 Afisa Ustawi Mstaafu

#24 asante. Nikuunge mkono kwa jambo ninalolijua. Kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955, watoto 698, kwa miongo kadhaa. Waliokulia katika shida nyingi, kama theluthi moja walikua watu wazima imara. Na kitu kilichojirudia katika maisha yao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashikilia. Bibi, mwalimu, jirani, yeyote. Jambo la pili ambalo watu hulisahau: wengi wa waliopotea njia ujanani walikuja kujirekebisha wakiwa na miaka thelathini na kitu. Kondakta, mama wa mia nne ulimtafuta?

#26 Kondakta Mstaafu

Sijamtafuta. Sina hata sura yake vizuri, nakumbuka mfuko wa dagaa.

#27 Ustadhi wa Simu

Baada ya dhiki faraja, ndugu yangu. Subira.

#28 Bi Mkubwa wa Makunduchi

Mwanangu ustadhi, methali inasema baada. Aya inasema PAMOJA na uzito upo wepesi, na imesema mara mbili. Marehemu mume wangu alikuwa akiwasahihisha watu kila maziko.

#29 Ustadhi wa Simu

Nimesahihishika, bi mkubwa. Allah amrehemu.

#30 Goma Juu ya Jiwe

Jambo bandugu. Mimi natoka Goma. Munazungumza majira, lakini volkano haina majira. Nyiragongo ilishuka 17 Januari 2002, ikafunika sehemu ya mji. Ikarudi 22 Mei 2021. Siku zile za 2021 ardhi ilikuwa inatikisika, tulitembea na magodoro mpaka Sake.

Nyumba ya wazazi iko chini ya jiwe. Hii ya sasa tuliijenga juu yake, na kuta zake ni mawe yaleyale, tuliyapasua. Mama anapanda maua katika nyufa, udongo ule mweusi unazaa vizuri. Watu wanauliza kwa nini hamuhami. Tuhamie wapi? Kila mahali kuna kitu.

#31 Mkimya

Samahani nitaharibu hewa. Humu wote mnasimulia mlivyosimama. Walioshindwa kusimama hawaandiki uzi. Kaka yangu alifilisika mwaka mmoja na mleta mada. Amepita masika, kipupwe, vuli, kiangazi, yote mara tatu. Ana mama, ana dini, ana usingizi hata wa kupitiliza. Yuko barazani mpaka leo, anaangalia barabara. Majani mekundu hayajamtokea. Naomba mtu asiniambie subira.

#32 Mwana wa Miyombo

Sina la kusema #31. Kama yuko karibu na Tabora niko tayari kuja tu kukaa naye.

#33 Afisa Ustawi Mstaafu

Mkimya, usingizi wa kupitiliza na kukaa hivyo miaka mitatu si uvivu wala udhaifu wa imani. Mpeleke hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, kama mnavyompeleka mwenye sukari. Mwende naye, asiende peke yake.

#34 Mkimya

Atakataa. Ila nitajaribu Jumatatu.

#35 Napita Tu

Uzi umekuwa mzito. Kondakta, chapati zako za maji au za kusukuma?

#36 Kondakta Mstaafu

Za kusukuma. Za maji ni za watu wenye haraka.

*(Uzi ulilala. Ukafukuliwa.)*

#37 Feni Mbovu, 11 Februari 2025

Naufukua. Kondakta, Februari imefika. Hali?

#38 Kondakta Mstaafu, 12 Februari 2025

Asante kwa kukumbuka mkuu.

Nilimsikiliza Bi Mkubwa kwa namna yangu. Tarehe 9, siku yenyewe, sikufungua kibanda. Nilimwita dada yangu, na yule dereva wangu wa zamani ambaye tulikuwa hatuongei kwa sababu alidhani nilimdhulumu mshahara wa mwezi wa mwisho. Na kweli nilikuwa sijamlipa. Nikampikia pilau, nikampa nusu ya hela, nusu mwezi ujao. Tukalisimulia lile gari kama maiti: lilivyokuwa linagoma gia ya pili, siku tulipolisukuma Kongowe na mvua. Dada alicheka mpaka akapaliwa.

Usiku nilisikia mnyororo tena. Sitawadanganya. Joto nalo lilikuwa la kuua, na umeme ulikatika saa tano (feni, nilikukumbuka). Jana sikuwa sawa. Leo nimechoma chapati sabini.

#39 Mtaalamu wa Kujisomea

Kwa hiyo ilikuwa tarehe, kama nilivyosema #3.

#40 Mhasibu wa Gengeni

Ilikuwa deni la mshahara wa watu. Hela, kama nilivyosema #5.

#41 Feni Mbovu

Umeme ulikatika saa tano, mnasoma lakini?

#42 Nahodha wa Kilindoni

Chombo kilishuka majini Oktoba. Kinavuja kidogo upande wa kushoto, karibu na taruma la tatu, tunakomba maji kwa kopo. Kaskazi nzuri mwaka huu, nguru wapo.

Ila naona ndugu yetu wa Goma hajaandika tena humu, na tangu mwisho wa Januari habari za vita ya huko mnazisikia. Ndugu, ukipata mtandao, weka hata nukta.

#43 Mkimya

Kaka anakwenda kliniki, huu ni mwezi wake wa sita sasa. Bado anakaa barazani, ila anafagia kwanza.

#44 Kondakta Mstaafu

Mlete stendi siku akijisikia, dada au kaka Mkimya. Mbagala, upande wa wauza mitumba, ukiona sufuria nyeusi ya chai ndiyo mimi. Ya kwanza bure.

#45 Napita Tu

Na sisi wa Makete? Nakuja Julai, na godoro langu.